Maabara Isisubiri Mashine ya Mamilioni

Msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo hospitali zetu nyingi hazina namna ya kulijibu. Mgonjwa amelala kitandani, ana bakteria mwilini. Je, bakteria huyo anakufa kwa dawa gani?

Tazama mambo yanavyokwenda. Mgonjwa anafika na homa. Kipimo cha malaria kinaonyesha hana malaria. Daktari anahisi ni bakteria, anaandika antibiotiki. Anaiandika kwa uzoefu wake, kwa mwongozo wa matibabu wa taifa, na kwa kuzingatia kilichopo kwenye stoo ya dawa. Siku tatu zikipita na homa iko palepale, dawa inabadilishwa. Ya pili ikishindwa inatafutwa ya tatu, safari hii ya sindano, na bei yake familia inaijua vizuri. Simlaumu daktari huyo. Anabahatisha kwa sababu hakuna aliyemletea jibu kutoka maabara.

Kubahatisha huko kunaua. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia watoto zaidi ya 1,800 waliolazwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Watoto waliokutwa na malaria, karibu wawili katika kila kumi walifariki. Waliokutwa na bakteria wa kundi la Gram-hasi ndani ya damu, walifariki zaidi ya wanne katika kila kumi. Watafiti walionyesha pia kwamba mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake alikwisha kuizoea alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Watoto hao walikuwa hospitalini, wamelazwa, wanapewa dawa. Shida ni kwamba dawa yenyewe haikuwa ile iliyotakiwa.

Dunia nzima, kwa mwaka 2019 pekee, inakadiriwa kuwa watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Afrika kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikokuwa mzito kuliko kwingine kote. Hata hivyo, huku ndiko pia tunakopima kidogo. Mwaka 2022 zilitangazwa takwimu za nchi 14 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda. Katika mtandao wa maabara za tiba zipatazo 50,000 za nchi hizo, zilizokuwa na uwezo wa kupima bakteria zilikuwa asilimia 1.3. Yaani maabara 13 katika kila 1,000.

Ukisikia takwimu hiyo, wazo la kwanza ni kwamba teknolojia inayotakiwa ni ngumu mno, ya mashine kubwa za Ulaya zenye skrini na mkataba wa matengenezo. Hapo ndipo ninapotaka tuelewane leo. Kipimo cha msingi cha usugu ni cha bei nafuu, na kimekuwapo tangu 1966, pale Bauer, Kirby na wenzao wa Seattle, Marekani, walipokiwekea utaratibu mmoja ambao maabara yoyote ingeweza kuufuata. Wacha nikuonyeshe kinavyofanyika.

Mtaalamu wa maabara anapokea sampuli, tuseme ya mkojo. Anaipaka kwenye sahani yenye agari, ule utomvu ulioganda unaotengenezwa kwa mwani, na kuiacha kwenye joto usiku kucha. Kesho yake vimelea vimeota. Anachota vichache kwa kitanzi cha waya na kuvikoroga ndani ya maji ya chumvi mpaka maji yapate ukungu. Ukungu kiasi gani? Hakadirii. Anashika tyubu yake kando ya tyubu ya kulinganishia inayoitwa McFarland 0.5, iliyotengenezwa kwa asidi ya salfuriki na bariamu kloridi. Nyuma ya tyubu hizo anaweka kadi yenye mistari myeusi. Mistari ikionekana sawasawa kupitia tyubu zote mbili, anajua kila mililita ina bakteria wapatao milioni 150.

Kisha anachovya kijiti chenye pamba na kupaka sahani mpya pande zote, akiigeuza ili pasibaki mahali pakavu. Anapanga juu yake vikaratasi vya duara, kila kimoja upana wa milimita sita, kila kimoja kimebeba dawa yake kwa kipimo kinachojulikana. Sahani inaingia kwenye inkubeta, nyuzi 35, kwa saa 16 hadi 18.

Asubuhi jibu liko wazi kwa macho. Sahani imetanda utando wa bakteria, isipokuwa kuzunguka vile vikaratasi ambavyo dawa yake imeshinda. Hapo pamebaki duara safi. Mtaalamu anachukua rula. Kwa ampisilini dhidi ya bakteria wa E. coli, mwongozo wa Marekani unasema duara likiwa milimita 17 au zaidi, dawa inafaa. Likiwa 13 au pungufu, bakteria ni sugu. Katikati ya hapo, jibu ni la mashaka. Kwa sahani moja, vikaratasi vichache na rula, daktari anapata majina ya dawa za kutumia na za kuacha.

Basi kama kipimo ni nafuu namna hii, kwa nini maabara zinazokifanya ni 13 tu katika 1,000? Ni kwa sababu ya vitu vinavyokizunguka. Kinahitaji inkubeta inayoshika joto bila kuyumba, na umeme usiokatika usiku. Kinahitaji hadubini nzuri ya kuona kama bakteria ni wa Gram-chanya au Gram-hasi. Kinahitaji vitendanishi vinavyoagizwa nje, vinavyokaa miezi bandarini, na vinavyoharibika vikikosa ubaridi. Kinahitaji mtu anayejua kusoma duara na kulitafsiri. Kikikosekana kimoja tu kati ya hivyo, kazi nzima inasimama.

Na hapa ndipo vifaa vya maabara vya gharama nafuu vinapopata maana yake.

Chukua hadubini. Kuna hadubini inaitwa OpenFlexure, iliyobuniwa Uingereza na kuendelezwa kwa ushirikiano na mafundi wa STICLab, Dar es Salaam, pamoja na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, kituo cha Bagamoyo. Mwili wake ni plastiki iliyochapwa kwa printa ya 3D. Jicho lake ni lenzi ya kawaida ya maabara ikiunganishwa na kamera ndogo ya kompyuta ya Raspberry Pi. Kilichonivutia ni namna inavyosogeza sampuli. Hadubini za kawaida hutumia vyuma vinavyoteleza juu ya vyuma, vilivyochongwa kwa ustadi mkubwa, na hapo ndipo pesa nyingi inapokwenda. Hii hutumia vipande vyembamba vya plastiki ambavyo mota ndogo huvipinda kidogo kidogo. Plastiki ikipinda, sampuli inasogea kwa hatua isiyofika sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Watafiti waliitumia kupiga picha vimelea vya malaria ndani ya damu. Na hadubini inayoona vimelea ndani ya chembe ya damu ndiyo aina ya kifaa ambacho chumba cha bakteria huanza nacho kazi.

Lakini bei si jambo kubwa kuliko yote katika hadubini hii. Jambo kubwa ni kwamba michoro yake iko wazi kwenye intaneti, bure. Kipande kikivunjika Dar es Salaam, kinachapwa Dar es Salaam. Fundi anayeirekebisha ni yuleyule aliyeiunda, na anaijua mpaka skrubu ya mwisho. Sote tumeona vyumba vya hospitali vyenye mashine iliyofunikwa kitambaa, iliyopokelewa kwa hotuba na utepe, ikafanya kazi mpaka kitendanishi cha msaada kilipokwisha au kadi moja ya umeme ilipoungua. Mashine kama hiyo ni ghali hata kama tulipewa bure.

Kwenye kusoma majibu nako kuna hatua. Taasisi ya shirika la Madaktari Wasio na Mipaka imetengeneza programu ya simu iitwayo Antibiogo. Mtaalamu anapiga picha ya sahani kwa simu, programu inapima maduara, inayalinganisha na mwongozo, na inatahadharisha pale matokeo yasipoeleweka. Ni ya bure, na inafanya kazi bila intaneti. Shirika hilohilo limebuni maabara ya bakteria inayofungashwa kwenye makasha na kupelekwa hospitali ya mbali, ambayo ilianza kutumika Haiti mwaka 2020. Simu haichukui nafasi ya mtaalamu. Inamsaidia yule aliye peke yake wilayani, asiye na bingwa wa kumuuliza, asije akasoma milimita 14 na kuandika kwamba dawa inafaa.

Msikilizaji, mpaka hapa nimezungumzia kumpima mgonjwa mmoja. Kuna kazi nyingine, ya kuuchunguza usugu wenyewe: unazaliwaje, unapita njia zipi, unachukua muda gani. Kazi hii tumezoea kuiona ya vyuo vya mbali vyenye fedha. Nayo imeanza kushuka bei.

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani, pamoja na mwenzao Roy Kishony, walieleza kifaa walichokiita mobidostati. Ndani yake mna chupa ndogo za vioo zenye mchuzi wa lishe, na kila chupa ina bakteria. Upande mmoja wa chupa kuna taa ndogo, upande wa pili kuna kihisio cha mwanga. Bakteria wakiongezeka, mchuzi unapata ukungu, mwanga unaopita unapungua, na kompyuta inajua wanakua kwa kasi gani. Kila baada ya dakika chache kompyuta inaamua. Kama bakteria wanakua polepole, pampu inaingiza mchuzi mtupu wapate nafuu. Kama wanakua haraka, pampu nyingine inaingiza mchuzi wenye dawa. Ni kama kocha anayemsoma mwanariadha wake na kumwongezea uzito kila anapouzoea ule wa jana, bila kumvunja mgongo.

Kwa siku 20 hivi, kwa namna hiyo, bakteria waliokuwa wanyonge waligeuka sugu kwa kiwango cha kutisha. Na njia walizopita zilitofautiana kulingana na dawa. Kwa klorofenikoli na doksisaiklini, usugu ulipanda taratibu bila kuruka, kwa mchanganyiko wa mabadiliko mbalimbali ya jeni. Kwa trimethoprimu ulipanda kwa ngazi, ngazi baada ya ngazi, na karibu kila ngazi ilikuwa badiliko kwenye jeni ileile moja, inayotengeneza kimeng'enya ambacho dawa hiyo hukishambulia.

Trimethoprimu si jina geni kwetu. Ni mojawapo ya dawa mbili zilizomo ndani ya septrini, inayotumiwa kila siku na maelfu ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi kujikinga na magonjwa nyemelezi. Kwa hiyo mtu akiuliza mtafiti wa Mwanza, Kampala au Kisumu anapata faida gani kwa kuchunguza ngazi za usugu, jibu ni hilo. Dawa hizo ziko kwenye mifuko ya watu wetu, na bakteria wanaozizoea wako kwenye maji yetu, kwenye mabanda yetu ya kuku na kwenye wodi zetu. Bakteria aliyefanyiwa uchunguzi Marekani si lazima awe na historia moja na aliyetoka Temeke.

Na vifaa vya namna ya mobidostati havihitaji kiwanda. Chuo Kikuu cha Boston kilitoa mfumo wake wa eVOLVER mwaka 2018, na Oxford ikatoa Chi.Bio mwaka 2020, yote ikiwa na michoro na programu zilizo wazi kwa kila mtu. Ukifungua eVOLVER utakuta vitu ambavyo fundi wa Kariakoo anavitambua: taa za LED, pampu ndogo, na feni ya kompyuta iliyobandikwa sumaku. Ile feni ikizunguka, sumaku inazungusha kipande kingine cha sumaku kilichomo ndani ya chupa, mchuzi unakorogeka, na bakteria hawatuami chini. Mwanafunzi wa uhandisi na mwanafunzi wa maikrobiolojia wakikaa meza moja, kifaa kama hicho kinaweza kuwa mradi wao wa mwaka wa mwisho. Ningependa vyuo vyetu viwakalishe meza moja, maana kwa sasa wengi wao hawajui hata jengo la wenzao liko wapi.

Wahenga walisema rahisi haihalisi, na wakubwa wa maabara wana haki ya kuniuliza: kifaa cha plastiki, simu ya mkononi, chupa na feni, majibu yake tuyaamini? Swali hilo nalichukulia kwa uzito wote, kwa sababu jibu la uongo ni baya kuliko kukosa jibu. Jibu la uongo linabeba muhuri wa maabara, na daktari analiamini.

Uhalisi wa kipimo hautokani na bei ya kifaa. Unatokana na nidhamu ya anayekitumia. Turudi kwenye ile sahani. Agari inatakiwa iwe na kina cha milimita nne. Ikimiminwa nyembamba kwa kubana matumizi, dawa inasambaa mbali zaidi, duara linapanuka, na bakteria sugu anaonekana kama anakufa. Mgonjwa anapewa dawa isiyomfaa. Tyubu ikizidi ukungu, duara linasinyaa. Vikaratasi vikikaa kwenye joto kwa sababu friji ilizimika, dawa iliyomo inapungua nguvu, duara linasinyaa vilevile, na daktari anaambiwa aache dawa nafuu ambayo ingemponya mgonjwa, akaandike ya ghali. Makosa yote haya yanaweza kutokea ndani ya maabara ya mabilioni.

Ulinzi wake ni nafuu pia. Maabara duniani kote hutunza bakteria wa kujipimia, kwa mfano E. coli mwenye namba ATCC 25922, ambaye maduara yake yanajulikana tangu zamani. Kwa ampisilini, duara lake linatakiwa liangukie kati ya milimita 15 na 22. Mtaalamu anampima kila juma au kila afunguapo kopo jipya la vikaratasi. Duara likitoka nje ya mipaka hiyo, hakuna jibu la mgonjwa linaloruhusiwa kutoka mpaka kosa lipatikane. Maabara inayofanya hivi kwa hadubini ya plastiki naiamini. Isiyofanya hivi, hata ikiwa na mashine iliyong'aa vipi, siiamini.

Na nidhamu hiyo inahusu usalama pia. Anayefuga bakteria sugu kwa makusudi, ili awachunguze, lazima awe na chumba kinachofaa na mafunzo, na kila sahani na kila chupa ipikwe kwa mvuke wa presha, nyuzi 121, kabla ya kutupwa. Unafuu wa kifaa si ruhusa ya kukichezea sebuleni.

Sasa niseme ninachotaka kifanyike.

Kwanza, bajeti. Tunapopanga fedha za maabara, tuanze na vitu vinavyokwisha: agari, vikaratasi vya dawa, bakteria wa kujipimia, friji ya kuvitunzia na betri ya kuvusha usiku umeme unapokatika. Vitu hivi havina hafla ya uzinduzi, wala havipigiwi picha za gazeti. Lakini hospitali ya mkoa au ya kaunti ikihakikishiwa hivyo mwaka mzima, itatoa majibu mwaka mzima.

Pili, ununuzi. Anayetaka kutuuzia au kutupa mashine aulizwe maswali matatu kabla ya kuipokea. Ikiharibika, nani ndani ya nchi anaitengeneza? Kitendanishi chake kinauzwa na kampuni ngapi? Michoro yake tunapewa? Mwaka 2024 tuzo ya Longitude ya Uingereza, pauni milioni 8, ilikwenda kwa kifaa cha Sweden kinachobaini maambukizi ya mkojo ndani ya dakika 15 na kuonyesha dawa inayofaa ndani ya dakika 45. Ni kazi ya kupongezwa, na naiombea ifike kwetu. Lakini ikifika, nayo ijibu maswali hayo matatu.

Tatu, watu. Kila kifaa nilichokitaja leo kinadai mtaalamu wa maabara aliyefunzwa, anayelipwa vizuri, na ambaye majibu yake yanasomwa. Yapo maeneo ambako mtaalamu anaotesha sampuli kwa uangalifu wote, na karatasi ya majibu inakaa kwenye trei mpaka mgonjwa ameruhusiwa. Daktari aulize majibu. Na majibu ya hospitali moja yakiunganishwa na ya nyingine, kwa programu kama WHONET, ambayo nayo ni ya bure, wizara itajua ni dawa gani inashindwa katika mkoa gani, na mwongozo wa matibabu utaandikwa kwa ushahidi wa hapa nyumbani.

Na wewe, msikilizaji, una sehemu yako. Ukirudi hospitali mara ya pili kwa ugonjwa uleule, muulize daktari kwa heshima: je, tunaweza kuotesha sampuli tukajua dawa inayofaa? Huenda ukaambiwa kipimo hicho hakipo. Uliza hata hivyo. Maswali ya wagonjwa hufika kwenye vikao vya bodi za hospitali, na bodi hupanga fedha kwa mambo inayoulizwa. Na usiende duka la dawa kununua vidonge vinne vya rangi mbili kwa kukisia. Vidonge vinne haviwamalizi bakteria. Vinawaacha wale wagumu wapate nafasi ya kuzaana.

Nasema haya kwa sababu naamini uwezo tunao. Tuna mafundi waliounda hadubini kwa mikono yao, tuna watafiti walioihakiki, tuna wataalamu wa maabara wanaosoma maduara kwa rula kila asubuhi. Kilichobaki ni uamuzi wa wanaoshika mafungu: wanunue kwanza sahani na vikaratasi, kisha wafikirie mashine. Bajeti inayofuata ikisomwa, tuisikilize kwa sikio hilo, na fungu hilo lisipokuwamo, tuulize kwa nini.